Bajeti ya Kaunti Hufungwa Februari, Mahema Hufungwa Mei

Kila ifikapo Aprili na Mei, katika wadi moja baada ya nyingine nchini Kenya, huletwa mahema, viti vya plastiki, katoni za maji na kipaza sauti kinachopiga mluzi. Ni mkutano wa umma wa kujadili bajeti ya kaunti. Mmoja anataka kisima, mwingine taa za sokoni, mzee aliyeketi nyuma anauliza zahanati iliyoanzwa mwaka juzi imekwama wapi. Afisa anaandika yote. Soda zinagawiwa, watu wanatawanyika, na Julai inapoingia kitabu cha bajeti hakina kisima wala taa.

Wengi huamini wamechezewa shere. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi kilichowaangusha ni kalenda: walikuja kuomba mafungu yakiwa yameshagawanywa. Maelezo haya ni ya mtu anayetaka kufika mapema, na kwa kuwa siasa za kaunti haziendi bila ngoma, tutapumzika na muziki hapa na pale.

Mwaka wa fedha unavyokwenda

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, ila maandalizi yake huanza karibu mwaka mzima kabla. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka hazina ya kaunti itoe waraka wa bajeti kufikia Agosti 30. Kufikia Septemba 1, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao maafisa wote huuita ADP, uwe mezani mwa bunge la kaunti. Mpango wa Septemba 2026 unahusu fedha zitakazoanza kutumika Julai 2027. Hapo ndipo mradi wako unapozaliwa au kukosa kuzaliwa, kwa sababu kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinakataza fedha za umma kutengwa nje ya mipango. ADP nayo huchota kutoka CIDP, mpango wa miaka mitano. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027.

Septemba 30 hutoka taarifa ya kutathmini bajeti iliyopita. Isome kwa jambo moja tu: mapato ya ndani, yaani kodi na ada ambazo kaunti hukusanya yenyewe, yalitarajiwa kuwa kiasi gani, na yaliyokusanywa ni kiasi gani. Tutaihitaji mbele.

Kisha Februari 28. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha bungeni taarifa ya mkakati wa fedha, CFSP. Ni kijitabu kikavu, kimejaa majedwali ya mfumko wa bei na ukuaji wa uchumi, na wananchi wengi hawajawahi kukitia machoni. Humo, mara nyingi kurasa za mwisho, kuna jedwali la vikomo: afya wapate kiasi hiki, barabara kiasi hiki, maji, kilimo, chekechea, ofisi ya gavana, bunge lenyewe. Bunge lina siku 14 za kuijadili na kuipitisha, ikiwa imerekebishwa au ilivyo. Hazina inatakiwa iichapishe ndani ya siku 7 tangu kuiwasilisha, na katika kuiandaa ni lazima itafute maoni ya umma. Lazima hiyo hutimizwa vipi? Mara nyingi kwa tangazo dogo gazetini mwezi Januari au Februari na kikao kimoja makao makuu ya kaunti, siku ya kazi. Ukumbi huwa na viti vitupu. Hicho kikao, kisicho na hema wala soda, ndicho cha kuhudhuria.

Makadirio yenyewe huwasilishwa bungeni kufikia Aprili 30, na mswada wa matumizi upitishwe kabla ya Juni kuisha. Mahema huja katika kipindi hicho.

Sasa hesabu. Kifungu cha 131 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinasema bunge likiongeza mahali lazima lipunguze mahali pengine, na mabadiliko yote yafuate CFSP lililoipitisha. Kanuni za 2015 zikakaza zaidi: fungu la idara lisipandishwe wala kushushwa kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Tuseme idara ya barabara ina kikomo cha Sh600 milioni katika kaunti yenye wadi 30. Asilimia 1 ni Sh6 milioni. Igawe kwa wadi: Sh200,000 kila moja. Hizo ndizo fedha mpya ambazo kelele zote za Mei zinaweza kuiongezea idara, tena bunge likikubali na idara nyingine ikikatwa. Kuhamisha fedha ndani ya idara, kutoka mradi huu hadi ule, bado kunawezekana, na mwakilishi wadi mjanja hapo ndipo anapofanyia kazi yake. Lakini kila mradi uliokwisha kuandikwa una mwenyewe, na mwenyewe yumo kwenye kamati.

Kuna mlango mwingine usiojulikana sana. Kifungu cha 137 kinaunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, mwenyekiti akiwa gavana. Mawaziri wote wa kaunti wamo, na idadi sawa na yao ya watu wasio watumishi wa kaunti, wanaotoka kwa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Uliza nani anakaa hapo kwa niaba ya kundi lako. Mara nyingi jibu litakuwa kimya, kwa kuwa baadhi ya kaunti huliunda jukwaa hili na kulisahau. Likiwa hai, mpelekee mjumbe hoja yako Novemba au Desemba, kabla jedwali la vikomo halijaandikwa.

Mapumziko: isukuti

Kakamega ni nyumbani kwa isukuti. Ngoma zake ni tatu, baba, mama na mtoto, kubwa kwa ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swara na manyanga. Waisukha na Waidakho huipiga penye uzazi, jando, harusi, matanga na michezo, na siku hizi penye kila hafla ya serikali. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka: wapigaji wengi ni wazee, warithi wachache, na fedha za kutengeneza ala na mavazi haba.

Shughuli za utamaduni ni jukumu la kaunti kikatiba. Kwa hiyo fungua fungu la utamaduni uone fedha zimekaa upande gani. Zikiwa upande wa maendeleo, kuna ala zitanunuliwa au kituo kitajengwa. Zikiwa zote upande wa matumizi ya kawaida, ni sherehe, mafuta ya gari na posho, na ngoma itaendelea kuitwa kumpokea mgeni huku mpigaji akizeeka bila mwanafunzi.

Jambo moja la kivitendo kuhusu ngoma mikutanoni: hula muda. Kikao kilichotangazwa cha saa tatu huanza saa sita mgeni akifika, zije nyimbo, zije salamu za itifaki, na maswali ya wananchi yabaki na nusu saa. Hoja yako usiitegemeze mdomoni.

Karatasi moja, nakala mbili

Iandike. Ukurasa mmoja unatosha, Kiswahili kinakubalika, na uielekeze kwa karani wa bunge la kaunti ikiwa makadirio yako bungeni, au kwa waziri wa kaunti wa fedha ikiwa bado yako kwa hazina. Taja mradi na mahali pake hasa: kijiji, kata ndogo, wadi. "Barabara za wadi" si mahali. "Barabara ya kutoka sokoni hadi zahanati, kilomita mbili, kivuko cha katikati kimesombwa na maji" ni mahali. Taja ukurasa wa CIDP na wa ADP mradi unapotajwa. Afisa wa mipango akiona namba za kurasa anajua hana pa kuponyokea. Kama haumo, sema wazi kwamba unaomba uingizwe kwenye ADP ya Septemba, usipoteze mwaka ukibishana kuhusu bajeti ya sasa.

Halafu sehemu ambayo karibu kila mtu huiacha: andika kipi kipunguzwe. Sheria inalitaka bunge lisawazishe, basi lisaidie kusawazisha. Pitia matumizi ya kawaida, tafuta mistari ya ukarimu, safari za nje, samani, "matumizi mengineyo", uchague mmoja na kiasi. Ombi lisilo na chanzo cha fedha huandikwa kwenye ripoti kama "maoni yamezingatiwa" na kufa hapo.

Ardhi nayo. Darasa la chekechea, zahanati, tangi la maji: yote hukwama kwa sababu kiwanja kiko kwa jina la mtu, au la kanisa, au hakina hati. Kama kuna hati ya umma, ambatisha nakala. Kama mwenye shamba anatoa kwa hiari, anza shughuli ya kuhamisha umiliki sasa, maana ahadi ya mdomo huisha na mwenye kuitoa, na wanawe hawakuwapo.

Chapisha nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Kwenye mkutano, angalia kichwa cha orodha ya mahudhurio kabla ya kutia sahihi: tarehe ipo, ajenda ipo? Orodha hizo ndizo hupelekwa mahakamani kuthibitisha kwamba umma ulishirikishwa, na karatasi tupu iliyojaa sahihi inaweza kuthibitisha chochote.

Makueni hutajwa sana katika mambo haya, na haki yake. Chini ya gavana wa kwanza, Kivutha Kibwana, mikutano ilianzia kijijini, ikapanda kwenye makundi ya vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo, hadi jukwaa la kaunti nzima, huku kila ngazi ikichagua wawakilishi wa kuibeba orodha yake kwenda juu. Ubora wake uko kwenye huo mnyororo: mtu wa kijiji anajua nani alipanda na ombi lake na anaweza kumwuliza liliangukia ngazi ipi.

Usimwombe asiye na kazi hiyo

Nusu ya maombi ya mahemani hayahusu kaunti kabisa. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Kaunti ina chekechea na vyuo vya kiufundi vya vijijini. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa, na darasa la sekondari huombwa kwa mbunge kupitia hazina ya maendeleo ya maeneobunge, NG-CDF. Kaunti ina zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti. Hospitali kuu za rufaa za kitaifa si zake. Ina barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho, masoko, maji, majitaka, huduma za kilimo na mifugo. Polisi si wake, vitambulisho si vyake.

Bursari ndiyo penye vurugu. Kaunti nyingi hulipia wanafunzi wa sekondari na vyuo, na wawakilishi wadi huzipenda kwa sababu hundi hukabidhiwa hadharani. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alitoa waraka wa kuzuia malipo hayo mahali ambapo hakuna makubaliano rasmi kati ya serikali mbili, suala likafika kortini. Msimamo wangu: Sh5,000 kwa kila mwanafunzi wa wadi huwanunulia wanasiasa makofi mengi na wanafunzi karo kidogo, na fedha hizo hukatwa kutoka kwenye maji. Ila nenda kaliseme hilo mbele ya mzazi mwenye barua ya shule mkononi.

Mapumziko: spika za baa

Muziki una kodi zake pia, na hizi haziko kwenye bajeti ya matumizi bali kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya mswada wa matumizi. Maana yake, kwa kawaida, kati ya Julai na Septemba. Humo ndimo kuna ada ya kibanda, ushuru wa gunia la viazi, maegesho, leseni ya biashara, na katika kaunti nyingi ada za matangazo ya gari lenye vipaza sauti. Kudhibiti kelele, kutoa leseni za pombe na kusimamia burudani ni kazi za kaunti. Sheria ya kitaifa ya vileo ya 2010 iliziruhusu baa za kawaida kufungua kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Mwenye baa hukosea anapodhani leseni ya kaunti inamruhusu kupiga santuri za watu: kibali cha kaunti hakimlipi mtunzi wala mwimbaji. Leseni ya haki za muziki hulipwa kando, kwa vyama vya kukusanya mirabaha.

Wafanyabiashara wanaosubiri askari wa kaunti waje na risiti mpya ndipo walalamike wamechelewa. Mwaka 2014 Jaji George Odunga aliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa kukosa ushirikishaji wa kutosha. Alisema kaunti haina budi kwenda watu waliko: makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza, redio za kitaifa na za lugha za mama. Tangazo la Kiingereza lililobanwa kwenye ukurasa wa katikati wa gazeti halitoshi. Hukumu hiyo ni silaha nzuri ya kutaja kwenye barua: "Redio yetu ya hapa haikutangaza kikao hiki."

Umeandikwa, mbona haujengwi?

Kuingia kitabuni ni nusu ya safari. Mradi uliotengewa Sh4 milioni unaweza kufika Juni bila jiwe, na sababu hujirudia.

Ya kwanza ni mapato ya kubuni. Kaunti huandika kwamba itakusanya mapato ya ndani makubwa kuliko uwezo wake ili orodha ya miradi itoshee. Hapo ndipo ile taarifa ya Septemba 30 inapofaa: kama mwaka jana ilikusanya nusu ya lengo na mwaka huu lengo limepandishwa, sehemu ya miradi uliyosomewa mahemani haina fedha nyuma yake. Mishahara haikatwi, dawa hukatwa kwa shingo upande, miradi ndiyo hutupwa. Sheria inataka walau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni zinaweka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimejaa kaunti zinazokosa malengo yote mawili.

Ya pili ni mgao kuchelewa. Mwaka wa fedha 2025/26 kaunti 47 zilitengewa Sh415 bilioni za mgao wa pamoja kutoka serikali ya kitaifa. Fedha hizi huingia Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na hazitoki bila Mdhibiti wa Bajeti kuidhinisha. Zikichelewa miezi miwili, mwanakandarasi asiye na mtaji husimamisha kazi, na aliye na mtaji huingia kwenye foleni ya madeni ambayo mwaka ujao yatakula bajeti mpya.

Ya tatu haionekani: bajeti ya nyongeza, yaani marekebisho ya bajeti mwaka ukiwa katikati. Huja mara nyingi kati ya Januari na Mei, hujadiliwa haraka, na ndimo mradi wako hufutwa bila mtu kukwambia. Weka kitabu cha Juni na cha nyongeza kando kwa kando, utafute namba ya mradi. Mistari inayosema "wadi mbalimbali" itilie shaka zaidi, kwa kuwa mradi usio na mahali huhamishwa bila kuacha alama.

Na gavana na bunge wakizozana hadi Julai ifike bila mswada wa matumizi, bunge linaweza kuruhusu kaunti itumie hadi nusu ya makadirio kwa muda. Wauguzi watalipwa. Miradi mipya husubiri.

Mapumziko: wimbo wa kampeni

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na studio zimeanza kupashwa moto. Wimbo wa kampeni wa mashinani hutengenezwa kwa njia ile ile kila mara: mdundo uliokwisha kupendwa, ohangla Siaya, mugithi Nyeri, chakacha Mombasa, jina la mgombea likibandikwa kwenye kiitikio na majina ya wazee wa eneo yakitajwa kwenye ubeti wa pili. Msanii mwenye akili hudai malipo kabla ya kurekodi, kwa sababu aliyeshindwa halipi na aliyeshinda hapokei simu.

Sikiliza maneno ukiwa na Jedwali la Nne mkononi. Mgombea ugavana anayeimbiwa kwamba ataleta chuo kikuu na kuongeza askari anaimbiwa kazi ya mwingine. Anayeimbiwa maji, soko na dawa, yahifadhi hayo. Ahadi za mshindi huandikwa upya kwa lugha ya maafisa katika CIDP mpya, na mikutano yake hufanyika miezi michache baada ya kuapishwa, watu wakiwa wamechoka na siasa. Kisichoingia kwenye CIDP hiyo itabidi kisubiri mapitio ya mpango, au uchaguzi mwingine.

Barua ya siku 21

Mradi ukikwama, acha kuuliza kwenye mazishi ya watu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiingereza au Kiswahili. Kuwasilisha ombi ni bure. Unachoweza kutozwa ni gharama ya kunakili. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea zisizozidi 14, mara moja tu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu ni ndani ya saa 48.

Usiombe "taarifa kuhusu barabara yetu", utajibiwa kwa hotuba. Omba nakala ya BQ, yaani orodha ya kazi na vipimo na bei zake; kiasi cha mkataba na jina la kampuni; tarehe ya kukabidhi eneo la kazi na ya kumaliza; na hati za malipo zilizokwisha kutolewa. Kwa BQ unaweza kusimama kwenye kivuko ukapima: imeandikwa kalvati nane za kipenyo cha milimita 900, zimelazwa sita za 600. Hati ya malipo itakuonyesha kama mhandisi alitia sahihi kwamba nane zimelazwa.

Ukinyimwa, au siku zikapita kimya, una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ofisi ya Ombudsman. Ambatisha ile nakala yenye muhuri. Bila tarehe ya kupokelewa, siku 21 hazina pa kuanzia kuhesabiwa.